Kanoni au Nyekundu na Nyeupe? Mjadala wa Waya Sebuleni kwa Shangazi

Sebule ya Shangazi kule Tabata ni ndefu kama korido za wodi alizozunguka miaka yake yote ya uuguzi. Upande wa mlango pana kabati la santuri, sidii, king'amuzi, na kiboksi kidogo kinachopokea muziki kutoka kwenye simu na kuupeleka kwenye spika. Upande wa dirishani zimesimama spika mbili mpya alizoletewa na mtoto wa kaka yake. Spika hizi zina ampu humohumo ndani, na kila moja ina plagi yake ya umeme ukutani. Nyuma ya kila moja kuna njia mbili za kuingizia sauti: moja ya pini tatu, ambayo mafundi wetu wa muziki huiita kanoni, na nyingine ya ile plagi tuliyoizoea tangu enzi za deki, nyekundu kulia, nyeupe kushoto. Kutoka kabatini hadi spika ya mbali, ukiupitisha waya kando ya ukuta, ni mita sita.

Kwa sasa zimeungwa kwa waya wa nyekundu na nyeupe, nazo zinavuma. Muziki ukiwaka huusikii mvumo. Wimbo ukiisha, kabla wa pili haujaanza, unausikia: mmmmm, mnene, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mpwa ameazima jozi ya nyaya za kanoni kwa rafiki yake mpiga kinanda, na Shangazi ametenga laki mbili. Jumapili mchana tulikaa wanne kuamua laki mbili hizo ziende wapi: Shangazi mwenyewe, mpwa wake aliyesomea uhandisi wa umeme, Fundi aliyestaafu baada ya miaka mingi kwenye studio za redio, na mimi jirani. Niliyoyasikia nayaandika karibu na yalivyosemwa.

MPWA: Shangazi, mimi nasema usitupe hela. Vifaa vya nyumbani vimetengenezewa waya wa kawaida. Hii plagi ilitoka kwa kampuni ya RCA ya Marekani miaka ya 1930, kwa ajili ya kuunganisha mashine ya santuri na redio, na hadi leo inafanya kazi. Watu wa studio wana sababu yao. Maikrofoni inatoa milivolti chache tu, na waya wake unakimbia mita hamsini sakafuni katikati ya nyaya za taa. Kiboksi chako kinatoa volti mbili. Volti mbili ni mara elfu mbili ya milivolti moja. Mvumo unaoweza kuizamisha sauti ya maikrofoni, hapa hauna nguvu.

FUNDI: Hesabu yako ni sawa, mwanangu, lakini umehesabu sauti inavyokwenda, hujahesabu inavyorudi.

MPWA: Inarudi kwenye wavu wa nje, mzee.

FUNDI: Haya. Na huo wavu una kazi ngapi? Waya wa kati unapeleka sauti, wavu unairudisha. Lakini wavu huohuo umeshika bodi ya kiboksi upande huu na bodi ya spika upande ule. Kila kitu kilichochomekwa ukutani huvujisha umeme kidogo hadi kwenye bodi yake. Dada, umewahi kugusa king'amuzi ukiwa peku, ukahisi kama kinakutekenya vidole?

SHANGAZI: Kila siku nikipangusa vumbi.

FUNDI: Ndio huo. Umeme ule unatafuta pa kwenda, na wavu wa waya wako wa muziki ni njia nyeupe. Wavu una ukinzani, mdogo lakini upo. Mkondo ukipita kwenye ukinzani unazaa volti, na volti hiyo inajiunga na muziki palepale. Spika haina namna ya kujua kipi ni cha Mbaraka Mwinshehe na kipi ni cha friji. Inapiga vyote.

Mpwa alikuwa ameshatoa simu na kufungua kikokotoo. Nilimpenda kwa hilo; hakubishana kwa sauti, alibishana kwa tarakimu.

MPWA: Tuseme mkondo unaovuja ni miliampea 0.3. Wavu wa mita moja, tuseme omu 0.05. Zinazaliwa mikrovolti 15. Ukilinganisha na volti mbili, mvumo uko chini ya muziki kwa desibeli zaidi ya mia moja. Nani atausikia?

FUNDI: Umeweka mita moja, na waya mpya. Weka mita sita.

MPWA: Omu 0.3.

FUNDI: Ongeza plagi. Pwani yetu hii hewa ina chumvi. Plagi ya bei rahisi ikikaa miaka mitano inaota kutu ya kijani, na pale zinapogusana tu unaweza kupata omu nzima.

MPWA: Basi omu 1.3. Mikrovolti 390. Inabaki… desibeli 74.

FUNDI: Hizo 74 ni pale bendi nzima inapopiga kwa nguvu zote. Muziki haukai hapo. Mwimbaji akishusha sauti, ukabaki mlio wa gitaa peke yake, umeshuka desibeli 30 au 40, lakini mvumo haukushuka naye. Na hapo bado tunazungumzia kile kiasi kidogo kinachovuja. Vifaa viwili vyenye plagi za pini tatu vikichomekwa kwenye soketi mbili za mbalimbali, waya wa ethi ukutani na wavu wa waya wako hufunga duara, na mkondo unaozunguka humo unaweza kuwa mkubwa kuliko huo mara nyingi.

SHANGAZI: Kwa hiyo mvumo unatoka ukutani, si kwenye spika?

FUNDI: Spika ni mjumbe tu, dada.

Kisha akafanya jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa waya alione mara moja. Akatoa mfukoni kipande cha waya wa studio, urefu wa shibiri, akakichuna kwa wembe juu ya gazeti. Lilitoka kwanza ganda jeusi la mpira, laini, lisilobaki na mkunjo. Chini yake wavu wa shaba, uliofumwa karibukaribu kama ukili wa mkeka, hata ukiukunja huoni ndani. Akaufumua kwa ncha ya wembe. Ndani mlikuwa na nyuzi za pamba, na katikati ya pamba nyaya mbili nyembamba, mmoja mweupe, mmoja wa bluu, zimesokotwa pamoja kama kamba. Pamba zile hazina kazi ya umeme. Zinaujaza waya uwe duara na kuzizuia zile mbili zisihame. Shangazi alikishika kile kipande muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

FUNDI: Hii ndiyo balansi. Pini namba 1 ya kanoni inashika wavu. Namba 2 inapeleka sauti kama ilivyo. Namba 3 inapeleka sauti ileile imepinduliwa: ya kwanza ikipanda, hii inashuka. Kule mwisho spika inachukua namba 2 na kutoa namba 3. Muziki unajumlika. Mvumo, kwa kuwa ulizipata nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, unajifuta wenyewe. Ni mizani ya sokoni: ukiongeza kilo moja kila upande mshale hausogei.

MPWA: Mzee, naomba nikusahihishe kidogo, kwa heshima.

FUNDI: Sahihisha.

MPWA: Kinachoufuta mvumo si kule kupindua sauti. Ni usawa wa ukinzani. Kila mmoja wa zile nyaya mbili uwe na ukinzani sawasawa kuelekea ardhini, pande zote mbili za waya, ili mvumo uingie kwa kipimo kimoja. Kuna vifaa ambavyo pini namba 3 haitoi sauti kabisa. Imewekewa kizuizi kinachofanana na cha namba 2, basi. Navyo vinaufuta mvumo vizuri tu. Kupindua kunaongeza nguvu ya sauti. Jina lenyewe, balansi, linahusu ukinzani.

FUNDI: Umesema kweli, na wengi waliozeekea studio hawalijui hilo.

Haya si mambo mapya. Simu ndizo zilizotangulia. Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya mbili zilizosokotwa mwaka 1881, maana laini za simu zilizotumia waya mmoja na kurudishia umeme ardhini zilikuwa zikiokota kila kelele ya jirani, na tramu za umeme zilipoingia mijini hali ikawa mbaya zaidi. Redio zikarithi kwa simu. Hata jina kanoni lina mwenyewe: ni James H. Cannon, aliyeanzisha kampuni yake ya vifaa vya umeme Los Angeles mwaka 1915. Ile XLR inayoandikwa kwenye makasha ni jina la aina mojawapo ya plagi zake, na kwetu huku jina lake yeye ndilo lililobaki mdomoni mwa mafundi.

Nami nilikuwa na langu la kuweka mezani. Mwaka juzi nilinunua jozi ya nyaya zenye plagi za kanoni pande zote mbili, nene kama kidole, zimefumwa kitambaa cha rangi mbili. Duka silitaji. Zilipoanza kukatika sauti nikafungua plagi moja. Ndani ulikuwemo waya mmoja tu na wavu, na pini namba 3 ilikuwa imeunganishwa na namba 1 kwa kijiti cha risasi. Nilikuwa nimelipia mavazi ya balansi, mwili ukiwa waya wa deki. Niliumia, si kwa fedha peke yake. Nilikuwa nimeshawashauri watu wawili wanunue kama zangu.

FUNDI: Ndiyo maana nasema kabla hujalipa fungua skrubu ya plagi. Muuzaji akikataa, ondoka. Nyaya mbili na wavu, pini tatu zimelehemiwa kila moja kivyake, na ile bano imeshika ganda la waya ili ukivuta usivute lehemu. Ukiyaona hayo umemaliza. Waya mzuri wa studio, Mogami au Canare za Japani, na plagi za Neutrik za Liechtenstein, zinatosha redio na kumbi kubwa. Nyumbani zinatosha na kubaki. Lakini majina hayo yanaigwa, kwa hiyo rudi kulekule: fungua uone.

MPWA: Na ule wenye nyaya nne ndani?

FUNDI: Ule ni mzuri ukipita karibu na transfoma kubwa au nyaya za umeme mkubwa. Hapa kwa dada hauna adui wa kupigana naye.

MPWA: Wengine wanasema unapunguza makali ya sauti kwa sababu unahodhi umeme zaidi, kama pikofaradi 150 kwa mita. Nimepiga hesabu: mita sita ni 900, na kifaa chenye ukinzani wa kutolea wa omu 100 hakianzi kupungua mpaka upite hezi milioni moja na nusu. Sikio linaishia elfu ishirini. Hakuna kitu hapo.

SHANGAZI: Wanangu, mmesema sana juu ya mvumo. Mimi jana usiku nilisikia kingine. Alipochomeka hizo nyaya za kuazima, mwimbaji alisogea mbele. Besi ikawa na mwili. Nilizisikia hata pumzi. Hiyo nayo ni mvumo?

Kimya kilipita. Hapa ndipo mijadala ya waya huharibika, kwa sababu anayesema amesikia huambiwa amejidanganya, na anayepima huambiwa hana sikio. Shangazi ana sikio. Kwa miaka mingi alisikiliza vifua vya watu kwa kipimo cha kuning'iniza shingoni, na aliyemfundisha kazi alimfundisha kutofautisha pumzi na pumzi. Nisingekubali mtu amjibu kwa mzaha, na hakuna aliyemjibu hivyo.

MPWA: Shangazi, ulisikia kweli. Ila naomba tupime kitu.

Alicheza kwenye simu mlio mmoja usiobadilika, akashika mita ya Fundi nyuma ya kiboksi. Kwenye plagi nyeupe: volti 2 na punje. Kwenye kanoni, kati ya pini 2 na 3: volti 4. Ni mara mbili kamili, yaani desibeli 6. Vifaa vingi vya nyumbani vyenye njia zote mbili hufanya hivyo.

MPWA: Ulipohamia kanoni, sauti iliongezeka bila mtu kugusa kitufe. Na sikio la binadamu likiongezewa sauti husikia besi zaidi na vitu vidogo zaidi. Hukujidanganya. Ulilinganisha sauti ndogo na sauti kubwa.

SHANGAZI: Basi zifanye zilingane, nisikilize tena.

Hilo lilichukua karibu nusu saa, kwa sababu mpwa alitaka zilingane hasa. Alishusha kitufe cha nyuma ya kila spika, akapima, akashusha tena. Shangazi aligeuza kiti akawapa mgongo, akafumba macho. Mpwa alibadilisha nyaya mara nane, mara nyingine akijifanya anabadilisha huku akirudisha uleule, na mimi nikawa naandika. Wimbo mmoja, dakika moja moja. Kwenye muziki wenyewe, Shangazi alipatia mara nne kati ya nane. Hakuona haya kusema hajui. Mara mbili alisema wazi kwamba anakisia.

Lakini mara ya sita, wimbo ukiwa umefika pale vyombo vinaponyamaza na kubaki sauti ya mwanamke mmoja, friji jikoni ilijiwasha. Spika zikatoa mlio mdogo, tak, kama ukucha juu ya meza.

SHANGAZI: Huo ni mwekundu na mweupe.

Na ndio uliokuwa. Tulingoja friji izime na kuwaka tena, tukiwa kwenye kanoni. Hatukusikia kitu. Tukarudi, tukangoja: tak. Hapo hapakuwa na kukisia.

MPWA: Sawa, nakubali. Kwa mita sita, na friji ile, nakubali. Ila tuseme ilivyo, kwamba waya wa balansi haukuongeza kitu kwenye muziki. Uliondoa kisicho muziki.

FUNDI: Na mimi sijawahi kusema zaidi ya hapo. Anayekuuzia utamu ndani ya waya anauza cha kwake.

Mimi nilimsogelea Fundi na swali lililokuwa likinisumbua tangu yale ya kwangu ya mwaka juzi: je, kuwepo kwa tundu la kanoni nyuma ya kifaa kunatosha?

FUNDI: Hakutoshi hata kidogo. Kuna vifaa vimewekewa kanoni nyuma, ndani imeungwa kwenye saketi ya kawaida, ni pambo. Kuna vingine balansi ni ya kweli, lakini mtengenezaji ameipeleka pini namba 1 katikati ya bodi ya saketi badala ya kuifunga kwenye kasha la chuma. Hapo umeme wa wavu unaingizwa jikoni kwa mkono wako mwenyewe. Neil Muncy aliandika juu ya kosa hilo mwaka 1995 kwenye jarida la jumuiya ya wahandisi wa sauti, na bado linafanyika. Ukinunua kifaa cha mtumba, soma kwanza kitabu chake au mwombe fundi akifungue.

MPWA: Na mtu mwenye kifaa cha RCA upande mmoja, spika za kanoni upande wa pili? Maana wengi ndivyo walivyo. Wananunua kile kigeuzi cha kuchomeka.

FUNDI: Kigeuzi kile hakileti balansi, kinabadilisha umbo la plagi tu. Lakini hapo pana ujanja wa halali. Chukua waya huu wa nyuzi mbili. Mweupe utoke kwenye ncha ya RCA uende pini 2. Wa bluu utoke kwenye ganda la RCA uende pini 3. Wavu uende pini 1, na kule kwenye RCA nao ushike ganda. Sasa sauti inarudi kwa njia yake, na umeme unaovuja unapita kwa njia yake. Spika inatazama tofauti ya zile mbili. Hupati balansi kamili, ila mvumo mwingi unaondoka kwa bei ya mita chache za waya na lehemu.

Alilisema hilo akichora nyuma ya lile gazeti, na mchoro huo ninao.

SHANGAZI: Na santuri zangu? Maana hizi spika mmezileta kwa ajili ya simu, lakini mimi moyo wangu uko kule.

Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alikwenda kwenye mashine ya santuri, akainua mkono wake taratibu, akatuita tuiname. Nyuma ya kichwa chenye sindano mlikuwa na nyaya nne nyembamba kama nywele: mwekundu, wa kijani, mweupe, wa bluu.

FUNDI: Tazameni. Mwekundu na wa kijani ni upande wa kulia, kwenda na kurudi. Mweupe na wa bluu ni kushoto, kwenda na kurudi. Ndani ya kichwa hiki mna koili, na koili ina ncha mbili tu, haijafungwa popote kwenye bodi. Katika nyumba nzima hiki ndicho chombo kilichozaliwa balansi. Na ndicho chenye sauti ndogo kuliko vyote: milivolti tatu hadi tano kwa aina hii, na kuna aina nyingine haifiki hata nusu ya milivolti. Watengenezaji wakachukua kitu hiki, wakakifungia RCA. Ungeniambia nichague mahali pamoja pa kuweka balansi ndani ya nyumba, ningeweka hapa.

MPWA: Lakini kipaza sauti chake cha santuri kina RCA tu.

FUNDI: Kwa hiyo kibaki hivyo, waya uwe mfupi, usizidi mita moja na robo, ukae mbali na transfoma, na ule waya mwembamba wa ethi wa mashine ufungwe kwenye skrubu yake. Umefungwa?

Haukufungwa. Ulikuwa umekunjwa na kufichwa nyuma ya kabati kwa mpira wa noti. Shangazi alisema waliohamisha kabati mwaka ule hawakujua ni wa nini.

Kuona waya ule ndiko kulikomfanya Fundi anyamaze, kisha aulize kuhusu nyumba yenyewe. Mpwa akataja ule mtindo tunaoujua wote, wa kukata pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo ukome. Sijawahi kumwona mzee yule akipaza sauti.

FUNDI: Usikate! Usimfundishe mtu kukata! Mvumo utakoma, ndiyo. Siku waya wa moto ukigusa kasha la chuma ndani ya spika, hakuna kitakachokata umeme. Litangoja mkono wa mtu. Na kwa kuwa vifaa vimeshikana kwa wavu, litangoja kwenye kila kitu, mpaka kwenye kichwa cha santuri.

Akaomba mita. Akaingiza ncha moja kwenye tundu la moto la soketi, nyingine kwenye tundu la ethi. Palipaswa kusoma karibu 230. Ilisoma 110, ikashuka 95, ikapanda tena, haikai. Akajaribu soketi ya pili, ya tatu. Hivyohivyo. Akaniomba nichomoe waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Nilipouchomoa, mvumo kwenye spika ukazama karibu wote.

Tukatoka nje. Chini ya mita ya Luku, nyuma ya tangi la maji, fimbo ya shaba ilikuwa bado imezama ardhini, kichwa chake kimeota rangi ya kijani. Waya wa ethi ulikuwa umekatwa kiganja kimoja juu yake, pale mafundi wa ukuta wa uzio walipopitisha msingi. Nyumba nzima ilikuwa na ethi isiyofika popote. Friji, king'amuzi, pasi, spika, kila kimoja kilikuwa kinamwaga umeme wake kwenye waya uleule, na waya ulipokosa ardhi, umeme huo ulipita kwenye wavu wa nyaya za muziki, ukaenda kwenye king'amuzi, ukatokea kwenye dishi lililofungwa kwenye bomba la chuma uani.

SHANGAZI: Na hizi nyaya za kuazima, jana usiku zilivyonyamaza…

FUNDI: Zilikunyamazishia. Hatari ilikuwepo vilevile. Ungenunua za kwako leo, usingeniita.

Shangazi alisimama pale uani akitazama ncha ya waya uliokatwa. Akasema yeye anawapokea wajukuu kila Ijumaa, na wajukuu hukaa peku.

Laki mbili ziligawanywa palepale. Fundi umeme aje kesho kabla ya kitu chochote: waya mpya wa ethi, kibano kipya, fimbo ipimwe, na kifaa cha kukata umeme unaovuja kiongezwe kwenye boksi la swichi. Kinachobaki kiende Kariakoo kununua waya wa balansi kwa mita na plagi nne za kanoni, Fundi azilehemu mwenyewe. Mpwa bado alikuwa na neno.

MPWA: Ethi ikishatengenezwa, mimi nitajaribu tena ule mwekundu na mweupe. Huenda usivume kabisa. Huenda hata tak isisikike.

FUNDI: Jaribu. Na usivume. Bado kwa mita sita nitaweka balansi, kwa sababu kiboksi kinayo, spika zinayo, na tofauti ya bei ya waya ni ndogo kuliko nauli yako ya kurudi kununua tena.

MPWA: Nitakupigia simu nikupe majibu, mzee.

Mimi niko na Fundi katika hili, ingawa nataka sana kujua mpwa atapata nini. Tuliporudi ndani Fundi alichukua uzi wa kushonea wa Shangazi, akaanza kuupima kutoka kabatini, kando ya ukuta, akizunguka fremu ya mlango na kupita mbali na waya wa friji, hadi nyuma ya spika ya dirishani. Akakata. Shangazi akamwambia aongeze mita moja, maana Ramadhani ikikaribia huwa anahamisha makochi.